Mti wa pwani, faida ya mwenye hati

KOROGWE na Handeni ni wilaya mbili za Mkoa wa Tanga ambazo wafanyabiashara wake wamezoea kuuza mali jinsi ilivyotoka shambani au porini. Korogwe ina mkonge. Handeni ina mahindi, machungwa na dhahabu. Zote mbili zina wauzaji wa mizizi, magome na majani ya dawa, ambao huonekana minadani na kandokando ya vituo vya mabasi. Kwa watu wa biashara hizo, historia ya dawa moja ya saratani iliyoanzia katika miti ya Afrika Mashariki ina somo la fedha ambalo halijapitwa na wakati.

Katika miaka ya 1970, zaidi ya tani 27 za miti ya jamii ya Maytenus zilivunwa katika vilima vya Shimba, wilayani Kwale nchini Kenya, si mbali na mpaka wa Tanga. Mzigo huo ulikuwa wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, iliyokuwa ikitafuta dawa mpya. Mwaka 2013, sumu ya jamii ile ile iliyotafutwa katika miti hiyo iliingia sokoni ndani ya dawa ya saratani ya matiti iliyosambaa mwilini. Mwaka 2024, kampuni ya Marekani iliyobuni njia ya kuitumia sumu hiyo ilinunuliwa kwa dola bilioni 10.1.

Katika mauzo hayo yote hakuna kilo hata moja ya mti wa Shimba. Dawa imefanikiwa na waliouza wamepata faida kubwa, lakini mali ghafi ya pwani haimo katika hesabu. Sababu ni kwamba thamani haikuwa katika mti wenyewe. Ilikuwa katika ujuzi wa kuilenga sumu hiyo, na katika majaribio yaliyothibitisha kwamba ikilengwa inafanya kazi.

Tani nzima, gramu mbili

Sumu yenyewe inaitwa maitansini. Mwaka 1972, mwanakemia Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walitangaza kuipata katika mti wa Maytenus uliokusanywa Ethiopia. Ilionekana kuwa na nguvu ya ajabu. Huzuia chembe hai kugawanyika, na kwa kuwa saratani ni chembe zinazogawanyika ovyo, matumaini yalikuwa makubwa.

Tatizo la kwanza lilikuwa la mavuno. Hata katika mti wa Kenya, ulioonekana kuwa na sumu nyingi kuliko ule wa Ethiopia, kila kilo ilitoa miligramu moja au mbili tu. Kwa hesabu hiyo, tani nzima ya miti hutoa gramu moja au mbili, uzito usiofika nusu kijiko cha chumvi. Ndiyo maana zikahitajika tani 27. Miti mikubwa ya eneo lililovunwa ilimalizika, na miaka minne baadaye, ulipohitajika mzigo mwingine, wakusanyaji walipata shida kwa sababu michache tu ilikuwa imechipua tena.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Wagonjwa wa Marekani walipopewa maitansini katika majaribio ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliharisha, walitapika na kudhoofika mishipa ya fahamu. Kipimo ambacho kingeua uvimbe hakikuweza kuvumiliwa na mwili. Kipimo kilichovumilika hakikuua uvimbe. Majaribio yakasimamishwa.

Wakati huo huo mti ulipata mshindani. Mwaka 1977, watafiti wa kampuni ya Takeda ya Japani walitangaza kwamba bakteria fulani hutengeneza kemikali za jamii ile ile ya maitansini. Bakteria hufugwa katika mapipa ya kiwandani kama hamira. Hawahitaji kusubiri miaka mti ukue, wala kibali cha kuingia msituni. Tangu hapo, mwenye pipa hakuwa na haja ya mwenye mti.

Korogwe inaijua hadithi hiyo kwa jina jingine. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893, na mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha kamba za nailoni na za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na pamoja na matatizo ya uendeshaji wa mashamba, katika miaka ya 1990 uzalishaji ukawa chini ya tani 30,000. Mashamba kama Magunga, Ngombezi, Mwelya na Hale yaliona kwa macho jinsi kiwanda cha mbali kinavyoweza kuifuta bei ya zao bila hata kulitembelea shamba.

Mzigo wenye anwani

Sumu iliyokataliwa ilirudi kwa njia nyingine. Badala ya kuimimina katika damu izunguke mwili mzima, wanasayansi wa kampuni ya ImmunoGen ya Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1981, waliifunga kwenye kingamwili. Kingamwili ni askari wa mwili anayetambua alama moja tu na kuing'ang'ania.

Mfanyabiashara wa Korogwe anayetuma kifurushi Dar es Salaam kwa basi ataelewa haraka. Kifurushi kisicho na jina kinaweza kuishia kwa yeyote. Chenye jina na namba ya simu ya mpokeaji hukabidhiwa mtu mmoja tu. Kingamwili ndiyo jina lililoandikwa, na maitansini iliyorekebishwa ndiyo mzigo uliomo ndani. Mzigo ukifika kwenye chembe ya saratani yenye alama inayotafutwa, humezwa na kufunguliwa humo humo. Chembe nzima zisizo na alama hiyo huathirika kidogo zaidi, ingawa madhara hayaishi kabisa.

Dawa ya kwanza ya aina hiyo kutumia maitansini ni Kadcyla, ya kampuni ya Genentech iliyo chini ya Roche ya Uswisi. Kingamwili yake ni trastuzumabu, ambayo peke yake iliruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Herceptin. Alama inayotafutwa inaitwa HER2, na hupatikana kwa wingi katika takriban saratani 15 hadi 20 za matiti kati ya kila 100.

Katika majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 991 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa waligawanywa makundi mawili. Waliopewa dawa mpya waliishi kwa wastani wa kati miezi 30.9. Waliopewa dawa zilizokuwa zikitumika waliishi miezi 25.1. Tofauti ni karibu miezi 6. Mwezi Februari 2013 Marekani ikairuhusu, na bei ya mwanzo ilikuwa dola 9,800 hivi kwa mwezi kwa mgonjwa mmoja.

Mnunuzi wa hisa na mgonjwa huisoma namba hiyo moja kwa macho tofauti. Kwa mgonjwa, miezi 6 ni muda wa kuona mtoto akimaliza darasa. Kwa soko, miezi 6 iliyothibitishwa ilizaa dawa ambayo mwaka 2022 iliuzwa kwa karibu faranga bilioni 2 za Uswisi.

Hisa zilizoanguka na kufufuka

Mwekezaji mdogo asidhani kwamba njia ilikuwa nyeupe. ImmunoGen iliendelea na dawa yake nyingine, iliyobeba maitansini kwenda kwenye alama ya saratani ya mfuko wa mayai ya uzazi, kwa wagonjwa ambao dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Machi 2019 kampuni ilitangaza kwamba majaribio ya hatua ya tatu hayakufikia lengo. Hisa zikaporomoka siku hiyo hiyo, na baadaye kampuni ikapunguza wafanyakazi.

Dawa haikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni namna ya kuwachagua wagonjwa. Katika majaribio yaliyoshindwa, kipimo cha alama kilikuwa kimelegea, hivyo wakaingizwa pia wanawake ambao uvimbe wao ulikuwa na alama chache. Mzigo ulitumwa kwa watu wasio na anwani. Katika majaribio yaliyofuata walichukuliwa wenye alama nyingi tu. Matokeo ya mwaka 2023 kwa wagonjwa 453 yalionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo waliishi kwa wastani wa kati miezi 16.5, wakati waliopewa dawa za kawaida waliishi miezi 12.7.

Dawa hiyo, Elahere, ilikuwa imepata ruhusa ya muda Marekani Novemba 2022 na ikapata ruhusa kamili Machi 2024. Novemba 2023 kampuni ya AbbVie ilitangaza kuinunua ImmunoGen kwa dola 31.26 taslimu kwa kila hisa. Miezi michache kabla yake, kabla ya matokeo kutangazwa, hisa hiyo ilikuwa haifiki dola 5.

Aliyeuza mwaka 2019 kwa hofu alipata hasara. Aliyenunua mwanzoni mwa 2023 alipata zaidi ya mara sita. Lakini msomaji asikimbilie kuwahesabu waliopata peke yao. Hesabu zilizofanywa Marekani kwa dawa zilizokuwa katika majaribio kati ya 2011 na 2020 zinaonyesha kwamba kati ya dawa 100 za saratani zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, ni 5 hivi tu zinazofika sokoni.

Kama kuchimba Magambazi

Watu wa Handeni wana kipimo chao cha mambo haya. Kampuni ya Kanada, Canaco Resources, ilipokuwa ikichoronga kilima cha Magambazi kutafuta dhahabu, hisa zake katika soko la Kanada zilipanda kwa kasi mwaka 2010 kufuatana na taarifa za mashimo, kisha zikashuka sana katika miaka iliyofuata. Dhahabu ilikuwapo ardhini. Lakini sampuli nzuri si mgodi, na mgodi si gawio.

Majaribio ya dawa yana hatua zinazofanana na za uchimbaji. Hatua ya kwanza hutumia watu wachache kutafuta kipimo ambacho mwili unavumilia. Hii ni sawa na kuokota mawe juu ya ardhi. Hatua ya pili hutazama kama uvimbe unapungua kwa makumi ya wagonjwa, hadi mia kadhaa. Ni shimo la kwanza. Hatua ya tatu huwalinganisha mamia au maelfu ya wagonjwa, nusu wakipewa dawa mpya na nusu wakipewa iliyopo, kuona nani anaishi zaidi. Hapo ndipo hujulikana kama kuna mgodi.

Taarifa nyingi za magazeti kuhusu dawa mpya za saratani zinazolengwa huwa ni za hatua ya kwanza na ya pili. Uvimbe uliopungua kwa wagonjwa 20 ni habari njema kwa wagonjwa hao. Kwa fedha za mwekezaji bado ni jiwe lililookotwa.

Hata mgodi uliokwisha kufunguliwa hupata mshindani. Mwaka 2021, majaribio kwa wagonjwa 524 yalionyesha kwamba Enhertu, dawa ya Daiichi Sankyo ya Japani na AstraZeneca ya Uingereza, inaizuia saratani ya matiti ya HER2 kwa muda mrefu kuliko Kadcyla. Enhertu inatumia kingamwili ya aina ile ile, ila mzigo wake ni tofauti, nao una asili ya kemikali iliyopatikana katika mti wa China miaka ya 1960. Mwaka huo huo wa 2021, Zydus ya India ilizindua nakala yake ya Kadcyla, iitwayo Ujvira, kwa bei ya chini sana. Kampuni iliyokuwa kileleni ikajikuta inabanwa juu na ubora na chini na bei.

Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, halina kampuni inayotafiti dawa za saratani. Mtanzania anayeambiwa anunue hisa za namna hiyo anaambiwa apeleke fedha katika masoko ya nje, kwa dalali wa nje. Maswali ya kumuuliza dalali huyo ni matatu: dawa iko hatua gani, wagonjwa walichaguliwa kwa kipimo gani, na kampuni ina fedha za kufikia matokeo yajayo bila kuuza hisa nyingine? Dalali asiyejibu hayo anauza matumaini.

Korogwe si mgeni wa majaribio

Wilaya ya Korogwe yenyewe imewahi kuwa kituo cha majaribio makubwa ya hatua ya tatu, ingawa si ya saratani. Kati ya 2009 na 2014, watoto wa Korogwe walikuwa miongoni mwa watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika waliojaribiwa chanjo ya malaria ya RTS,S ya kampuni ya GSK. Tanzania ilikuwa na vituo viwili, Korogwe na Bagamoyo, kati ya vituo 11. Kazi ya Korogwe ilihusisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR.

Chanjo hiyo ilianza kutengenezwa maabara katika miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa watoto wa Afrika Oktoba 2021. Hiyo ni zaidi ya miaka 30, na mwenye haraka ya faida aipime subira yake kwa muda huo.

Jambo la kibiashara hapa ni kwamba Korogwe ilitoa kitu ambacho bakteria wa kwenye pipa hawawezi kukitoa: wauguzi waliofundishwa, maabara, kumbukumbu safi za wagonjwa, na wazazi waliokubali kwa hiari. Matokeo ya majaribio hayana thamani bila vitu hivyo. Mti unaweza kuigwa, lakini takwimu za watoto wa Korogwe zilipatikana Korogwe tu. Wilaya ikitaka nafasi katika soko la dawa, uzoefu huo ni mtaji wa kweli kuliko gunia la magome.

Gunia na mkataba

Wakati miti ya Shimba ilipovunwa, hapakuwa na mkataba wa kimataifa uliompa mwenye msitu sehemu ya faida. Mkataba wa Bioanuwai ulitiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992. Itifaki ya Nagoya, inayotaka mwenye mali asili akubali kwanza na agawiwe faida kwa makubaliano, ilipitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014. Tanzania na Kenya zote zimejiunga.

Kwa mkusanyaji wa Handeni, maana yake ni hii. Mgeni anayetaka kilo chache za mizizi kwa ajili ya utafiti hapaswi kupewa kama mnunuzi wa kawaida wa mnadani. Aulizwe kibali na mkataba ulioandikwa, na serikali ya kijiji ijue. Katika sampuli za utafiti, bei ya kilo haina maana. Chenye maana ni karatasi inayosema nani atapata nini endapo kitu kitagunduliwa, hata kama baadaye kitatengenezwa kiwandani bila mti. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Mkataba unaolipa kwa kilo ungemwacha mwenye mti wa Shimba mikono mitupu hata leo, kwa sababu hakuna kilo inayonunuliwa.

Lipo pia onyo kwa wauzaji wa ndani. Kwamba mti una kemikali inayoua saratani katika chupa ya maabara si ruhusa ya kuuchemsha na kumpa mgonjwa. Maitansini ghafi iliwashinda madaktari waliokuwa na mizani ya miligramu na vitanda vya hospitali. Muuzaji mwenye kikombe hawezi kuipima. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka waganga na dawa zao wasajiliwe, na dawa mpya ya kujaribiwa kwa binadamu Tanzania inahitaji idhini ya kimaadili ya NIMR pamoja na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Anayedai anajaribu dawa ya kansa na hana karatasi hizo hafanyi majaribio.

Bei kwa mgonjwa

Mgonjwa wa Handeni mwenye uvimbe wa titi huanzia zahanati, akapelekwa Bombo mjini Tanga, kisha Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi. Dawa inayolengwa haina faida kwake kabla kipande cha uvimbe hakijapimwa alama. Akinunuliwa dawa ya HER2 na uvimbe wake hauna HER2, fedha zimetupwa, kama ilivyotupwa ile ya majaribio ya 2019.

Kwa hiyo biashara ya karibu zaidi na mkoa huu haiko kwenye dawa ghali. Iko kwenye upimaji wa vipande vya uvimbe, usafirishaji wake bila kuharibika, na uagizaji wa nakala za bei nafuu zilizoidhinishwa. Trastuzumabu iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, na nakala yake ya kwanza ikathibitishwa na shirika hilo Desemba 2019. Nakala zinapoongezeka bei hushuka, na bei ikishuka, kinachobaki kuwa haba ni kipimo.

Mfanyabiashara wa Korogwe anayetafuta pa kuweka mtaji katika sekta ya afya aangalie hapo kwanza. Mwenye shamba au msitu aangalie mkataba kabla ya kufunga gunia. Na mwenye akiba kidogo aliyesikia habari za dawa mpya ya saratani aulize hatua ya majaribio kabla ya kuuliza bei ya hisa.